Sisimizi kwenye Rejeta

Gari la Bi Mkubwa, noa, liliingia gereji kwetu Kibiti likiburutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la boriti. Mwenyewe alikuwa amekaa mbele karibu na dereva wa lori, mkono umetoka dirishani, anatoa amri kwa barabara nzima. Mimi nilikuwa chini ya pikapu ya mtu, nabadilisha bushi. Nikasikia sauti, na sauti ile hata leo nikiisikia usingizini naamka nimekaa kitako.

"Yuko wapi huyo fundi anayemtaka binti yangu?"

Spana ikaniponyoka, ikanipiga kifuani. Nikatoka chini ya gari kwa mgongo, uso una grisi, nikasema "Shikamoo mama" nikiwa bado nimelala chali. Marahaba sikuipata. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, halafu akasema, "Simama basi. Au ndivyo unavyosalimia watu wazima?"

Ngoja nieleze mambo yalivyokuwa, maana bila hivyo mtu atanishangaa kwa nini nilitetemeka kwa ajili ya injini. Bi Mkubwa ndivyo Nyamisati nzima, kijiji chake kule delta, ilivyomwita. Mumewe alikuwa mkata mikoko, na alipofariki yule mama hakukaa kulia muda mrefu. Alianza kununua kamba wale wa kula kwa wavuvi, anawapanga kwenye barafu, anawaleta Kibiti kwa noa yake ya zamani aliyoing'oa viti vyote vya nyuma. Kwa noa hiyo aliwalea watoto wake mpaka wakawa watu. Binti yake wa mwisho alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara ya lami, kinatazamana na gereji yetu. Huyo binti ndiye niliyekuwa nikimtazama kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye boneti, na yeye alikuwa akinitazama kila alipokata uzi. Wallahi, nilikuwa nimezama mzima mzima.

Posa nilishapeleka. Mjomba wangu, mwenye gereji, ndiye aliyekuwa mshenga. Alivaa kanzu, akaenda mpaka Nyamisati, akakaribishwa vizuri, akalishwa wali na kamba, kisha akaambiwa, "Tumesikia. Mtajibiwa." Mwezi ukaandama, mwingine ukaandama, kimya. Nilikonda mpaka ovaroli ikanipwaya.

Na kwetu, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Ni heshima, tena kubwa. Baba yangu alikuwa akimwona bibi mzaa mama anakuja kwa njia ile, anaiacha njia na kuingia vichakani mpaka bibi apite. Bibi naye akija kwetu alijifunika khanga mpaka puani, anakaa kando, wala hamsemeshi baba moja kwa moja. Akitaka kitu anamwambia paka. "Paka, waambie wenye nyumba chumvi imeisha." Baba anatoka, anarudi na chumvi, anaiweka mlangoni, halafu anageuka upande wa pili ili bibi aichukue. Paka wa watu kalala zake. Sisi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa, lakini wenyewe hawakucheka, na maisha yao yote sikusikia wamegombana.

Bi Mkubwa yeye hakuwa na haja ya paka. Alinifokea uso kwa uso, kama mtu anavyomfokea mpagazi aliyedondosha mzigo. Kila alivyonifokea ndivyo nilivyozidi kujua kwamba kwake mimi bado ni mtu baki.

"Imefanya nini, mama?" nikamuuliza siku ile, nikifuta mikono.

"Imekufa. Mpira wa rejeta ulipasuka tunatoka Nyamisati. Tukaufunga, tukatia maji, tukaenda, ikachemsha. Tukatia maji, tukaenda, ikachemsha. Mwisho ikazima yenyewe. Nimeipeleka kwa fundi mwingine, imelala kwake, kasema pistoni zimeshikana na silinda kwa moto. Eti hii si injini tena, ni jiwe. Mnunuzi wa vyuma chakavu nimeshampa neno, kesho baada ya sala ya Ijumaa anakuja kuichukua." Akakaza khanga kiunoni. "Nimepita hapa nione wewe unajua nini."

Kumbe ni mtihani! Moyo ulinidunda mpaka nikahisi mjomba anausikia.

"Mlitia maji gani, mama?"

"Ala! Maji ni maji! Ulidhani tumetia uji?"

Dereva wake wa noa, mtoto wa dada yake, mtu mzima mwenye ndevu zake, akakohoa, akaangalia ndala zake. Nilikisikia kikohozi kile, nikakiweka akilini.

Nikafungua boneti. Nikachukua spana ndefu, nikaishika bolti ya puli ya chini ili niizungushe injini kwa mkono. Haikutikisika. Nikaongeza bomba kwenye spana, nikaning'inia na uzito wangu wote, miguu ikaacha ardhi. Hola. Nikachomoa kijiti cha oili, na oili ilikuwa imegeuka nyeupe nzito, tui la nazi tupu. Hiyo haikunishangaza, maana gari likichemsha sana gasketi ya silinda hedi, ule mfuniko wa silinda, huungua, na maji na oili vikakutana. Kilichonisumbua ni harufu. Injini iliyokufa kwa moto ina harufu yake, ya chuma na mpira ulioungua, inakukaa kooni. Hii ilikuwa na harufu nyingine chini yake, nzuri, ya kuleta njaa. Niliijua harufu ile lakini haikuwa ya gereji, na kila nilipokaribia kuikumbuka Bi Mkubwa alinifokea nikaipoteza.

"Mbona unanusa kama mbwa? Sema kitu!"

"Mama, niachie mpaka kesho."

"Kesho inachukuliwa."

"Basi mpaka inapochukuliwa."

Akasonya, akavuka barabara kwenda kulala kwa binti yake.

Asubuhi nilifika gereji kabla ya mjomba. Sikuwa nimelala vizuri, nilikuwa naota pistoni. Nikaenda moja kwa moja kwenye noa, nikasimama. Kulikuwa na mstari mweusi umetoka kwenye nyasi, umepanda tairi la mbele, umepita kwenye bampa, umeingia ndani. Nikafungua boneti. Sisimizi! Sisimizi kwa maelfu yao, wamejaa kwenye mdomo wa rejeta, wanapishana, wengine wanashuka na vipande vya kitu cha kahawia midomoni kama watu wanaotoka shughulini na sahani zao.

Nikapiga ukelele. Haki ya Mungu, nilipiga ukelele mpaka muuza chai akaja mbio akidhani nimekanyaga nyoka. Sisimizi hawali kutu! Sisimizi hawanywi maji ya rejeta! Nikachukua bisibisi, nikakwangua kile kitu cha kahawia, kigumu chenye kunata, nikakitazama juani, nikasema bismillahi, nikakitia ulimini.

Kitamu. Kitamu chenye uchungu wa kuungua, na nyuma yake nazi.

Kashata! Mama yangu alikuwa akipika kashata za nazi za kuuza, na siku akizidisha moto sukari inagandia sufuria mpaka mwiko unasimama wenyewe. Harufu ndiyo hiyo hiyo. Mle ndani ya injini walikuwa wametia madafu. Nikaiona safari yote, utafikiri nilikuwemo. Mpira umepasuka kule kwenye mikoko, maji yamejaa, visima vyote vimeingia chumvi, na mtu yeyote wa delta anajua chumvi inavyokula chuma. Minazi iko juu ya vichwa vyao. Wamepasua madafu, wamejaza rejeta, wameondoka wakijisifu kwa akili. Gari likichemsha, madafu mengine. Maji yake yanakwenda na mvuke, sukari inabaki, inakuwa nzito, inaziba njia, joto linapanda, gasketi inaungua, na ule uji mtamu unavuja mpaka ndani ya silinda. Halafu gari limelala kwa yule fundi wa kwanza, likapoa, sukari ikakauka, ikazishika pistoni.

Na hapo ndipo niliporuka tena, muuza chai akarudi nyuma. Kwa sababu pistoni ikishikwa na moto, imeyeyuka, imekwisha, tafuta injini nyingine. Lakini ikishikwa na sukari? Sufuria la kashata mama yangu hakuwahi kulitupa! Alimimina maji ya moto, akaliacha, akamwaga, akamimina tena, na jioni sufuria linang'aa.

Mjomba alipofika nilimvuta kwa mkono, nikamwonyesha sisimizi, nikamlambisha bisibisi. Akalamba, akalamba tena. Akacheka. Halafu akaacha kucheka ghafla, akanishika bega.

"Nani alitia?"

"Dereva hawezi kutia kitu bila ruhusa yake, mjomba. Ulimwona jinsi alivyokohoa."

"Basi funga mdomo. Unasikia? Utamwambia mama wa watu, tena mbele ya watu, kwamba gari lake kaliua mwenyewe? Na posa yetu iko mkononi mwake? Mwambie ni joto. Tutaiosha kimyakimya, iwake, yaishe."

"Mjomba! Gari linachukuliwa leo! Kuna fundi kamwambia injini ni jiwe. Nikisema lisiende atauliza kwa nini. Nimjibu nini, kwa uzuri wa uso wangu?"

"Huo uso wenyewe una grisi," akasema mjomba, akakaa juu ya tairi, akaanza kuwaza.

Binti alikuwa ametuona tunalamba bisibisi. Akavuka barabara na futi yake ya kupimia shingoni, akauliza kama tumerogwa. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo maana tangu jana anakula kidogo. Amejua. Sikiliza, mama yangu ukimkosoa atakasirika, na hasira yake utaiona. Lakini ukimdanganya atakudharau, na mtu akishamdharau hamrudii. Mimi nimekwambia, sasa shauri yako."

Shauri yangu! Wote wawili walinitazama. Nilikuwa na hasira nao, na hasira na madafu, na hasira na minazi yote ya Nyamisati. Na chini ya hasira hiyo, nisiseme uongo, nilikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu injini ile haikuwa imekufa na ni mimi peke yangu niliyejua.

Baada ya sala ya Ijumaa mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na lori lake, na vijana wa bodaboda wakasogea kuangalia, kama kawaida yao pakiwa na chuma kinaondoka. Bi Mkubwa akavuka barabara. Dereva wake akamfuata kwa nyuma.

"Haya," akaniambia. "Umenusa vya kutosha. Imekufa au haijafa?"

"Haijafa, mama."

Mnunuzi akacheka. Bi Mkubwa hakucheka. "Yule mwenzako kasema pistoni zimeyeyuka."

"Hazijayeyuka. Zimegandiwa." Mjomba alikuwa nyuma yangu, nikasikia tasbihi yake inakwenda mbio. "Mama, gari hili limekunywa madafu."

Bodaboda mmoja aliyekuwa anakanyaga kiki aliuacha mguu wake juu. Bi Mkubwa aligeuka polepole, si kwangu, kwa dereva wake.

"Nani kamwambia?"

"Si mimi, mama mdogo! Wallahi si mimi!" Maskini, kwa kujitetea alikuwa amemaliza kila kitu.

"Ni ulimi wangu, mama," nikasema. "Nimeonja. Na hao hapo mashahidi." Nikafungua boneti, nikawaonyesha sisimizi. Watu wakajaa, mmoja akapiga mluzi, mwingine akaanza kucheka akakanyagwa mguu na mwenzake.

Lo! Alilipuka. Alisema mimi sina adabu. Alisema nimemwita mjinga mbele ya wauza vyuma. Alisema tangu lini mtoto wa Kibiti, anayekunywa maji ya bomba, amfundishe mtu wa delta habari ya maji. "Ulitaka nitie maji chumvi? Mume wangu alikuwa na mashine ya boti, ikaliwa na chumvi mbele ya macho yangu, ikawa unga wa kutu! Ulitaka nitie maji ya barafu ya kamba, chumvi na magamba? Au niwaache kamba waoze nikasubiri mvua? Dafu ni maji masafi, Mungu kayafunga mwenyewe!"

"Chumvi ingeiua, mama!" Na mimi nilikuwa nimeshapandisha sauti, siwezi kuficha, nina hasira za karibu. "Ungetia chumvi leo ningekuwa namsaidia huyu bwana kupakia! Uliiepusha na chumvi, ndiyo maana ipo. Lakini madafu yana sukari, na sukari imeganda, na sukari iliyoganda dawa yake ni maji ya moto. Wewe mwenyewe umepika kashata mara ngapi? Umewahi kutupa sufuria?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na yule mama alikuwa na akili kuliko kiburi chake, japo tofauti ilikuwa ndogo. Alimtazama mnunuzi, akaitazama noa.

"Rudi Jumatatu," akamwambia mnunuzi. "Isipowaka, mzigo wako." Kisha akaninyooshea kidole, kikakaribia pua yangu. "Na wewe. Isipowaka, mwambie mjomba wako aje Nyamisati aichukue na ile posa yenu. Fundi mwenye mdomo bila mikono sina kazi naye."

Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa imenyamaza.

Basi tukaingia kazini! Mama muuza wali wa jirani akatuazima masufuria yake makubwa, tukawasha kuni nyuma ya gereji, maji yakatokota. Nikachomoa plagi, nikaingiza mpira mwembamba kwenye matundu, nikamimina maji ya moto ndani ya silinda. Tukasubiri. Nikayanyonya kwa bomba la sindano kubwa, yakatoka ya kahawia, chai ya rangi kabisa. Nikamimina mengine. Bi Mkubwa alileta kigoda akakaa pale pale, akanifokea kwamba maji hayajachemka vizuri, kwamba nayamwaga ovyo, kwamba sufuria la kashata halitaki papara. Baadaye akanyanyuka, akaninyang'anya birika.

"Toka. Wewe hujui kumimina."

Akamimina yeye, taratibu, tundu hadi tundu, midomo inasema kitu kimoyomoyo. Mimi nikarudi kwenye puli na spana yangu na bomba. Nikavuta. Hola. Nikavuta tena. Nikaona jasho linaingia machoni, nikamwomba Mungu kwa jina la mama yangu na kashata zake zote.

Tk.

Kitu kidogo, mlio wa ukucha tu. Lakini mkono wangu uliusikia mpaka begani.

"Imesogea!" nikapiga kelele.

"Muongo!" akasema Bi Mkubwa.

"Njoo ushike!"

Akaja, akashika bomba pamoja nami, mikono yake imezoea masanduku ya barafu, tukavuta wote, na puli ikasogea tena, robo, nusu, kwa kusita, ikilalamika, halafu ikazunguka mzunguko mzima. Mjomba akasema Allahu akbar. Dereva mwenye ndevu akaanza kucheza peke yake katikati ya matairi. Mimi nilikuwa nalia, ndiyo, nilikuwa nalia, na nikasingizia moshi wa kuni.

Lakini kuzunguka si kuwaka. Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza. Tukamwaga ile oili nyeupe haraka kabla maji hayajaanza kula chuma, tukaosha ndani kwa dizeli, tukafungua sampu, lile karai la oili chini ya injini, tukakagua beringi za chini, na Mungu alikuwa ametusitiri, zilikuwa zimelika kidogo tu. Tukang'oa silinda hedi. Gasketi ilikuwa imeungua katikati, baina ya silinda mbili, ufa mweusi wa kidole kimoja. Njia za maji zilikuwa zimezibwa na kitu kama lami, na nilipokikwangua wale sisimizi walikuwa wanasubiri chini. Nikaweka rula juu ya hedi, nikatazama mwanga unapita chini yake. Hedi ilikuwa imepinda.

Jumamosi alfajiri nikaifunga hedi kwenye gunia, nikapanda basi mpaka Mbagala kwenye mashine za kukereza vyuma. Nilikaa nayo mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa. Fundi wa mashine aliniambia niiache nirudi wiki ijayo. Nikamwambia sitoki. Akanitazama, akauliza ni gari la nani. Nikamwambia la mama mkwe, inshallah. Akacheka, akaisogeza yangu mbele ya zote. Nikarudi Kibiti na hedi iliyonyooka na gasketi mpya iliyofungwa kwa nailoni, naye Bi Mkubwa alikuwa ameshachemsha rejeta kwenye sufuria la pilau, kaigeuza na kuigeuza mpaka maji yanapita upande huu yanatoka upande ule meupe.

"Hedi yako haikuchemshwa hivi," akaniambia.

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo ndiyo. Fanya kazi."

Jumatatu jua likiwa limekwisha panda, nilikuwa nafunga bolti za hedi, unaanza katikati unakwenda pembeni, unakaza kidogo, unarudi, unakaza tena. Bi Mkubwa alinihesabia kwa kidole, nikisahau moja ananigonga begani. Lori la mnunuzi likaingia likapaki kivulini. Mwenyewe hakuzima hata injini yake.

Tukatia oili mpya. Tukatia maji, safi, ya mvua, kutoka tangi la msikiti kwa ruhusa. Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Selfu ikalia, injini ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Tena. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikamwona mnunuzi anashuka kwenye lori lake. Ng'ambo kule binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Nikaruka chini, nikachomoa plagi, zote zimelowa dizeli tuliyooshea injini. "Jiko!" nikapiga kelele. "Nani ana jiko la moto?" Muuza chai akaja na jiko lake na mkaa wake, birika likabaki hewani mkononi. Nikazipanga plagi juu ya waya, zikatoa moshi, zikakauka, nikazifuta kwa upindo wa shati langu, nikazirudisha zingali za moto zinaniunguza vidole. Nikasema bismillahi. Nikazungusha ufunguo.

Ikawaka!

Ikawaka, jamani! Kwanza kwa kutetemeka, kisha ikakaa, ikanguruma sawasawa, na nyuma ukatoka moshi mweupe mkubwa, ukajaa gereji, ukavuka barabara, na moshi wote unanukia kashata. Abiria waliokuwa wanangoja basi wakaanza kunusa na kuulizana nani anapika. Mjomba akaweka kiganja juu ya boneti akafumba macho. Mnunuzi akapanda lori lake akaondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa napiga honi tu, kama mwendawazimu, honi baada ya honi, mpaka moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha, na injini ikabaki inaunguruma kwa raha yake.

Nikaizima. Nikashuka na ufunguo mkononi, nikaenda kwa Bi Mkubwa nikitabasamu mdomo mzima. Nilitaka anifokee kidogo, kwa furaha.

"Mama, ufunguo huu."

Hakuupokea. Alirudi nyuma. Akavuta khanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa mpaka puani, akanipa mgongo. Nikasema basi, nimemwaibisha mbele ya watu, gari kalipata na mimi binti nimemkosa. Nilisimama pale na ufunguo wangu, nisijue pa kuuweka.

Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya noa ile, pale penye rangi iliyobabuka, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo:

"Gari, mwambie fundi auweke ufunguo juu ya boneti."

Ng'ambo ya barabara pakalia kigelegele. Nikauweka ufunguo juu ya boneti. Halafu nikageuka upande wa pili, uso kwenye ukuta wa gereji, nikangoja mama mkwe wangu auchukue.